Saba Mara Nane: Namna ya Kuwasaidia Watoto Wetu Kushika Hesabu za Kuzidisha

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo huwatoa watoto wengi machozi: ni hesabu za kuzidisha. Msidhani kuwa ni jambo la walimu peke yao. Nusu ya kazi hii hufanyika darasani, na nusu yake hufanyika jikoni, karibu na mafiga, wakati mama anapochambua maharage. Kwa hiyo twaomba maneno haya yasomwe kwa sauti nyumbani, watoto nao wakisikia.

Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana si haki kumwonyesha mwenzako njia huku ukificha mahali ulipopotea.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha Darasa la Tatu katika shule moja ya mlimani. Desturi yetu ilikuwa ile tuliyoipokea kwa walimu wetu. Kila asubuhi watoto walisimama wakaimba kwa sauti moja, “Saba mara moja, saba, saba mara mbili, kumi na nne,” mpaka mwisho. Aliyenyamaza aliujua ukali wa fimbo. Sauti zilifika hata barabarani, na wapita njia walitusifu. Alikuwako msichana mmoja aliyewapita wote. Aliimba majedwali yote, toka la mbili hata la kumi na mbili, bila kukosa neno, nasi tulimweka mbele awaongoze wenziwe.

Siku moja ya soko mama yake alishikwa na homa, akamtuma mtoto huyo kuuza ndizi. Ilikuwa mikungu 8, na bei waliyopatana na mchuuzi ilikuwa shilingi 7,000 kila mkungu. Mchuuzi alikuwa na haraka, gari lake likingoja kwenda Dar es Salaam. Akasema, “Zote ni elfu hamsini na nne,” akahesabu noti, akampa. Mtoto alitaka kuhakikisha, akaanza moyoni mwake: saba mara moja, saba, saba mara mbili, kumi na nne. Kabla hajafika mara tano, gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Nyumbani mama alihesabu kwa njia yake mwenyewe: mikungu miwili, elfu kumi na nne, minne, elfu ishirini na nane, minane, elfu hamsini na sita. Zilipungua shilingi 2,000, nazo ndizo zilizokuwa za madaftari. Kama mchuuzi alikosea au alidanganya, hatujui, wala hatumhukumu.

Mama alipopata nafuu alikuja nyumbani kwetu, amemshika mtoto mkono. Akasema, “Hodi, mwalimu. Sikuja kugomba. Nataka kujua tu: huu wimbo mnaomfundisha mwanangu, kazi yake ni nini?”

Hatukuwa na jibu. Na swali la mama yule ndilo lililotufanya tujifunze upya kazi ambayo tulidhani twaijua.

KUIMBA SI KUJUA

Mtoto yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alishika kila tulichompa. Lakini tulimpa kamba moja ndefu, naye hakuweza kulifikia fundo la nane ila kwa kuanza na la kwanza. Sisi tufundishao katekisimu tumekwisha kuliona kosa hili: yuko mtoto alijuaye jibu la tano kwa sababu tu lafuata jibu la nne, na ukimwuliza la tano peke yake, hunyamaza.

Kujua hesabu ya kuzidisha ni jambo jingine. Maana yake ni kwamba ukimwuliza mtoto “saba mara nane” akiwa anachota maji, au anacheza, au amesimama mbele ya mzani, jibu huja lenyewe, bila kupanda ngazi toka chini.

Je, kwa nini lije lenyewe? Tazameni mtoto anayezidisha 378 kwa 46. Ndani ya hesabu hiyo moja mna hesabu ndogo sita za kuzidisha, tena mna za kujumlisha, na tarakimu za kubeba akilini. Kama kila hesabu ndogo humgharimu mtoto vidole vyake vyote na akili yake yote, akifika ya tatu amesahau alichobeba. Ndivyo ilivyo katika kugawanya, na katika sehemu, na katika asilimia, na katika kupima eneo la shamba. Mwalimu husema, “Mtoto huyu hawezi kugawanya.” Mara nyingi kugawanya si kosa lake, kosa liko nyuma, Darasa la Tatu, mahali tulipopita upesi.

Kadhalika kumbukeni ya kuwa katika shule zetu za msingi za serikali mtoto hujifunza hesabu kwa Kiswahili, naye akifika Kidato cha Kwanza huzikuta kwa Kiingereza. Aliyeshika maana hupotewa na maneno tu, nayo atayapata. Aliyeshika wimbo hupotewa na vyote viwili.

HESABU NI NGAO YA MNYONGE

Wako wasemao, “Siku hizi simu hufanya hesabu, kwa nini tuwatese watoto?” Twajibu hivi: simu hujibu unachoiuliza, nayo ukigusa tarakimu isiyo yake itakujibu vibaya bila haya. Mwenye hesabu kichwani husikia mara moja kuwa jibu halifai.

Tena kumbukumbu za mlima huu zatufundisha. Zamani za Wajerumani rupia moja ilikuwa na pesa 64, kisha mwaka 1904 ikageuzwa kuwa na heller 100. Mwaka 1921 Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, na mwaka 1966 nchi yetu ikatoa shilingi yake yenyewe. Kila fedha ilipogeuka, mtu asiyejua kuhesabu alikuwa mikononi mwa yule anayejua. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, yaani chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa mlima wetu. Wakulima waliunganisha mazao yao wayauze pamoja. Lakini chama kina mzani na kitabu, na kitabu humsaidia mtu awezaye kukisoma na kuzidisha uzito kwa bei. Asiyeweza hana budi kuamini tu.

KWANZA MAANA, NDIPO KUKARIRI

Basi, tuanzie wapi? Tusianzie ubaoni, tuanzie sokoni. Mtoto wa Kiboroloni au wa Marangu ameona nyanya zikipangwa mafungu, tano tano, juu ya gunia. Mwulize, “Mafungu matatu yana nyanya ngapi?” Naye atajibu. Hapo mwambie, “Umezidisha. Hiyo ndiyo tatu mara tano.” Neno “mara” halitamtisha tena, kwa kuwa sasa ajua ni mafungu.

Kisha chukueni maharage, mkayapange juu ya mkeka kama mibuni shambani: mistari 3, kila mstari maharage 4. Mtoto ahesabu: ni 12. Sasa mwambie azunguke akae upande wa pili wa mkeka. Aonapo sasa ni mistari 4, kila mmoja maharage 3. Je, maharage yameongezeka? Yamepungua? La, ni yale yale. Basi 3 mara 4 na 4 mara 3 ni kitu kimoja. Mtoto aliyeliona jambo hili kwa macho yake ametuliwa karibu nusu ya mzigo, na hapana mwalimu awezaye kumpa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Wala tusiidharau hesabu ya mama zetu. Yule mama wa ndizi alijua kuongeza mara mbili, na tena mara mbili, na tena mara mbili. Ndiyo njia nzuri kabisa ya kuzidisha kwa nne na kwa nane. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenziwe walitoa habari za watoto watano wa mji wa Recife, nchi ya Brazili, waliokuwa wakiuza vitu sokoni na mitaani. Kati ya maswali 63 waliyoulizwa wakiwa kazini, walijibu vema karibu yote. Walipopewa hesabu za namna hiyo kwenye karatasi, bila ndizi wala nazi, walipata kama 37 tu kwa kila 100. Wao waliiweza hesabu ya soko kuliko ile ya karatasi. Mwanafunzi wetu alikuwa na shule bila soko. Kazi yetu ni kuvikutanisha viwili hivyo.

ZILIZO NGUMU NI KUMI NA TANO TU

Toka 1 mara 1 hata 10 mara 10 mna hesabu 100. Mtoto azionapo zote ukutani hukata tamaa. Lakini tuzipunguze pamoja naye, ili auone mzigo ukishuka.

Kwa kuwa 3 mara 4 na 4 mara 3 ni moja, zabaki 55. Tukiondoa zile za moja, ambazo hazihitaji kujifunza, zabaki 45. Tukiondoa za kumi, ambazo ni kuandika sifuri tu, zabaki 36. Za mbili ni kujumlisha namba na nafsi yake; tuziondoe, zabaki 28. Za tano ni nusu ya zile za kumi: 5 mara 8 ni nusu ya 80, ndiyo 40. Tuziondoe, zabaki 21. Za tisa hupatikana kwa za kumi: 9 mara 7 ni 70 ukitoa 7, ndiyo 63. Tuziondoe nazo, zabaki 15. Ndizo hizi:

3 × 3, 3 × 4, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8;
4 × 4, 4 × 6, 4 × 7, 4 × 8;
6 × 6, 6 × 7, 6 × 8;
7 × 7, 7 × 8;
8 × 8.

Hizi kumi na tano ndizo zinazohitaji mazoezi mengi zaidi. Mtoto akijifunza tatu kila juma, amezimaliza kwa majuma matano. Wala asiachwe bila njia ya kujiokoa akisahau. Akisahau 7 mara 8, aseme: 5 mara 8 ni 40, na 2 mara 8 ni 16, jumla 56. Akisahau 6 mara 7, aseme: 5 mara 7 ni 35, nikiongeza 7 ni 42. Mwenye njia haogopi kusahau, na asiyeogopa hukumbuka upesi.

HABA NA HABA

Sasa twafika kwenye mazoezi yenyewe. Tulipokuwa tukikosea, tulifanya hivi: Ijumaa nzima tuliimba jedwali moja, kisha hatukulirudia mpaka mtihani. Wazee wetu waliochimba mifongo ya kuleta maji toka msituni wangalitucheka. Mfongo usiopitiwa hujaa majani, hata kama ulichimbwa kwa nguvu nyingi siku moja. Huhifadhiwa kwa kupitiwa mara kwa mara, kila mtu na jembe lake, kidogo kidogo.

Ndivyo wenye elimu walivyoona pia. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha kitabu juu ya kukumbuka na kusahau, akionyesha ya kuwa mtu husahau zaidi mwanzoni, mara baada ya kujifunza, tena ya kuwa kurudia kwa siku mbalimbali hufaa kuliko kurudia kwingi kwa siku moja. Na mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha jambo la pili: wanafunzi waliosoma kisha wakajitahidi kukumbuka bila kutazama, baada ya juma moja walikumbuka zaidi kuliko wale waliosoma tu tena na tena. Maana yake kwetu ni hii: mtoto asikae kulitazama jedwali, aulizwe, afikiri, ajibu, ndipo atazame.

Twawapa, basi, mpango usio na gharama. Kateni boksi kuukuu vipande 15, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Upande mmoja andikeni 7 × 8, na upande wa pili 56. Hivyo hivyo kwa zote. Kila jioni, kwa dakika 10, wala si zaidi, mtu mmoja wa nyumbani amwulize mtoto, akichanganya kadi ili zisifuatane. Anzeni na tatu, mkaongeze tatu kila juma, pamoja na zile za zamani.

Akijibu mara moja kwa siku tatu, kadi hiyo iende fungu la pili, ambalo huulizwa kila siku ya tatu. Akiendelea kuijua, iende fungu la tatu, ambalo huulizwa Jumamosi tu. Akikosa, msimkaripie. Mwonyesheni jibu, aseme hesabu nzima kwa kinywa chake, kisha kadi irudi fungu la kwanza. Mzazi asiyejua kusoma asijitenge: kaka au dada atashika kadi, naye atasikia, na mara nyingi atajifunza pamoja nao.

Akizoea, geuzeni swali: “Hamsini na sita, ukigawa kwa nane?” Kwa kadi ile ile mtoto hupata kuzidisha na kugawanya.

KWA WALIMU WENYE WATOTO WENGI

Ndugu walimu, twajua mwasema, “Haya ni ya mtoto mmoja nyumbani, mimi nina sabini.” Nasi tumesimama mbele ya sabini. Lakini watoto 70 ni jozi 35, na kila mmoja aweza kuwa mwalimu wa mwenziwe kwa dakika tano, kisha wakabadilishana. Mwalimu apite katikati yao, asikilize.

Kisha aseme swali moja kwa darasa zima, anyamaze, ahesabu moja hata tatu moyoni, ndipo wote wainue majibu waliyoandika kwenye karatasi au vibao. Kimya kile kidogo kina kazi kubwa. Mwalimu aitapo jibu upesi, walio wepesi watano humjibu, na wengine 65 hungoja kusikia. Wala wimbo wa asubuhi hatuukatazi kabisa. Huchangamsha watoto na kuwapa maneno. Ila usihesabiwe kuwa ndio somo.

HABARI YA FIMBO

Tulisema kwamba aliyenyamaza aliujua ukali wa fimbo. Twaungama: fimbo ile haikumfundisha mtoto hata mmoja saba mara nane. Iliwafundisha kufungua kinywa pamoja na wenziwe, ili wasionekane kuwa hawajui. Kanuni za nchi za mwaka 2002 zaweka adhabu ya viboko kwa makosa mazito, tena chini ya mamlaka ya mwalimu mkuu. Na kusahau si kosa la nidhamu. Mtoto mwenye hofu huitumia akili yake kuitazama fimbo, nayo haibaki nafasi ya hesabu.

Aibu nayo ni fimbo nyingine. Tusiwashindanishe watoto mbele ya wote, wa kwanza akasifiwa na wa mwisho akachekwa. Mashindano yafaayo ni ya mtoto na nafsi yake: juma lililopita alijua kadi sita, juma hili ajua tisa. Wepesi utafuata wenyewe. Usahihi ndio utangulie.

MWISHO WA HABARI YETU

Huenda mwauliza, “Na yule msichana je?” Tulianza naye upya, kwa maharage na kadi, na majuma yale matano kwake yalikuwa saba. Siku moja tulipita kwao jioni. Tulimkuta ameketi jikoni na mdogo wake, kadi mkononi, naye amekuwa mwalimu mkali kuliko sisi. Akamwuliza mdogo wake, “Nane mara nane?” Kijana akatazama juu, akifikiri. Mama yake, ambaye hakukaa shuleni hata miaka mitatu, akasema bila kuinua macho katika maharage yake, “Sitini na nne. Mwacheni afikiri.” Kisha wote wakacheka, kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha kutolewa.

Ndugu zetu, swali la mama yule twawaachia nanyi: huu wimbo tunaowafundisha watoto wetu, kazi yake ni nini? Tusiridhike mpaka mtoto aweze kulijibu mwenyewe, amesimama sokoni, mbele ya mtu mwenye haraka. Tafuteni boksi kuukuu leo hii, mkaanze na kadi tatu.